Walizitaka Mbio Zangu

Kazi ya kumwaga maji ilianza saa tatu usiku, watoto wakishalala. Mchana wazazi walikuwa wameikanyaga theluji ya uwanja wa shule hadi ikashikana kama sakafu ya udongo iliyopondwa vizuri, na usiku tukaja na mpira wa maji ili kuugeuza uwanja wa barafu wa kutelezea. Ilikuwa Januari 2017, mjini Obihiro, kisiwani Hokkaido, kaskazini mwa Japani. Kipimajoto cha ukutani kilisoma nyuzi 18 chini ya sifuri. Mimi mtoto wa Trans Nzoia, Kenya, niliyezoea kulalamikia baridi ya asubuhi ya Kitale, nilikuwa nimevaa suruali tatu na bado magoti yaligongana.

"Kidogo kidogo," alisema mzee niliyeshika naye mpira. Nilimwita ojiisan, yaani babu, kama walivyomwita watoto wa mtaa. Alikuwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa aliyestaafu, na aliposikia nimekuja kusomea shahada ya pili ya tiba ya mifugo katika chuo kikuu cha pale, alijipa mwenyewe cheo cha kuwa babu yangu. Maji humwagwa kama manyunyu. Tabaka moja jembamba, unasubiri ligande, unarudi tena. Ukimwaga mengi kwa pupa, juu hushika na chini hubaki uwazi; siku ya pili mtoto akipita panapasuka na kiatu kinanasa.

Usiku mmoja nilichoka nikaufungulia mpira wote. Ojiisan hakunikemea. Kesho yake alinipeleka palepale, akagonga barafu kwa kisigino cha buti, na tukasikia sauti ya mtungi mtupu.

Sauti hiyo nilikuja kuisikia tena miaka mitano baadaye, katika ofisi ya chama, huku nyumbani.

Lakini kwanza niseme watu wa kule wana nini na barafu. Katika nyanda za Tokachi, ulipo mji wa Obihiro, mtoto hufundishwa kuteleza shuleni kama sisi tulivyofundishwa kukimbia kwa kuchelewa kengele. Wadogo husukuma kiti mbele yao wasianguke. Hiroyasu Shimizu, aliyeshinda dhahabu ya mita 500 katika Olimpiki ya Nagano mwaka 1998, ni mtoto wa Obihiro. Miho Takagi ametoka Makubetsu, mji wa jirani. Februari 2018, michezo ilipokuwa Pyeongchang, tulijazana kwenye ukumbi wa mtaa kumtazama Takagi akirudi na dhahabu, fedha na shaba. Kina mama walilia. Mimi nikauliza swali la mgeni: hawa wakishamaliza kuteleza, hufanya nini?

"Wengine hurudi shamba," ojiisan akasema. "Mmoja alikwenda bungeni."

Ndivyo nilivyomfahamu Seiko Hashimoto.

Alizaliwa Oktoba 5, 1964, Hayakita, hukohuko Hokkaido, siku tano kabla ya Olimpiki ya Tokyo kufunguliwa. Baba yake alikuwa mfugaji wa farasi wa mashindano, na farasi aliyezaliwa shambani mwao, Maruzensky, alikimbia mara nane akashinda zote nane. Huyo baba akampa binti jina lililotokana na mwenge wa Olimpiki. "Seika" kwa Kijapani ni moto mtakatifu. Sisi huku tuna akina Wanjala na Nafula, waliozaliwa wakati wa njaa au wa mvua, kwa hiyo jina la aina hiyo halikunishangaza. Kilichonishangaza ni kwamba mtoto alilichukulia jina lake kama deni. Akiwa darasa la tatu alilazwa kwa ugonjwa wa figo na kukatazwa michezo. Alipopona akarudi kwenye barafu, na kati ya 1984 na 1996 alishiriki Olimpiki saba: nne za majira ya baridi kwa kuteleza, tatu za majira ya joto kwa baiskeli za uwanjani. Mwaka 1988 alikuwa Calgary mwezi Februari na Seoul mwezi Septemba. Kule Calgary aliingia mbio zote tano, kuanzia mita 500 hadi 5,000, na katika kila moja hakutoka nje ya nane bora.

Medali ilikuja Albertville, Ufaransa, mwaka 1992, katika mita 1,500, kwenye uwanja usio na paa. Shaba. Mbele yake walikuwa Wajerumani wawili, na kati yake na dhahabu palikuwa na sekunde moja na chembe. Kabla yake hakuna mwanamke wa Japani aliyekuwa amepata medali ya Olimpiki ya baridi. Ojiisan aliikumbuka siku hiyo kwa sababu, alisema, ng'ombe walikamuliwa kwa kuchelewa wakagoma kutoa maziwa. Mfugaji hukumbuka kila kitu kupitia ng'ombe. Mimi pia.

Mwaka 1995 chama tawala, Liberal Democratic, kilimsimamisha akaingia Baraza la Madiwani, ambalo licha ya jina lake ndilo bunge la juu la nchi nzima. Mwaka uliofuata, akiwa mbunge, alipanda baiskeli akaenda kushindana Atlanta.

Hapo nilicheka, maana habari hiyo niliijua kwa sura nyingine. Wesley Korir alishinda Boston Marathon mwaka 2012, na Machi 2013 watu wa Cherangany, kwetu kabisa, wakamchagua mbunge, tena akiwa mgombea binafsi asiye na chama. Mwezi uliofuata mheshimiwa alikuwa Boston na namba kifuani, akamaliza wa tano. Mwaka huohuo wa 2013 Elijah Lagat, bingwa wa Boston wa mwaka 2000, aliingia bungeni kutoka Chesumei. Wote wawili walikaa muhula mmoja. Nilipomweleza ojiisan, aliuliza kama wapiga kura hawakulalamika kwamba mbunge anakimbia badala ya kufanya kazi. Nikamwambia wapo waliolalamika, na wapo waliosema afadhali anayekimbia hadharani kuliko anayekimbia na pesa.

Mwenyewe nilikuwa mkimbiaji. Nisijisifu: nilishinda mbio za nyika za shule za sekondari wilayani, na katika Bonde la Ufa kushinda wilaya ni kama kujua kuendesha baiskeli. Waliokuwa nyuma yangu mwaka huo wawili wamewahi kukimbia Ulaya. Mimi niliumia goti nikaenda kusoma. Lakini katika wadi yetu jina lilinishika. Hata baada ya kurudi kutoka Japani na shahada yangu, hata baada ya kuokoa ng'ombe wangapi sijui wa ndigana kali, mama sokoni bado angesema, "Huyu si ndiye yule msichana wa mbio?"

Februari 2021, nikiwa zamu ya usiku kwenye shamba la mteja, nikingoja ng'ombe azae, nikasoma kwenye simu kuwa Hashimoto amekuwa rais wa kamati ya maandalizi ya Olimpiki ya Tokyo. Michezo ilikuwa imeshaahirishwa mwaka mzima kwa ajili ya korona. Rais aliyemtangulia, Yoshiro Mori, waziri mkuu wa zamani, alikuwa amesema kwenye kikao kwamba mikutano yenye wanawake wengi hurefuka. Dunia ikachachamaa, akajiuzulu. Na huyo Mori ndiye aliyekuwa mlezi wa Hashimoto katika siasa. Kwa hiyo binti alikabidhiwa vyombo vilivyovunjwa na mlezi wake, aviunganishe mbele ya wageni, miezi mitano kabla ya karamu.

Nilimtumia ojiisan ujumbe kupitia binti yake: hongera, mtoto wa Hokkaido amepanda cheo. Jibu lake nimelihifadhi hadi leo, na nikilitafsiri linasomeka hivi: "Wamemwita kwa sababu ni mwanamke. Mwaka 1995 walimwita kwa sababu anateleza. Sijui ni lini watamwita kwa sababu ana akili."

Nililiona jibu kali. Sasa naliona sahihi nusu tu, kwa sababu ukitazama alichokifanya akishaitwa, hesabu inabadilika. Mwaka 2000 alijifungua akiwa mbunge. Kanuni za baraza lao hazikutaja kuzaa miongoni mwa sababu za mbunge kukosa kikao. Ilibidi zirekebishwe mwaka huo neno "kujifungua" liingie. Nchi tajiri kiasi kile, na neno hilo lilikuwa halijawahi kuhitajika! Mwaka 2021, wiki chache baada ya kuishika kamati, bodi iliongezewa wanawake 12, wakawa 19 kati ya wajumbe 45. Alijitoa kwenye chama kwa muda ili asionekane ameegemea upande. Halafu akayapokea yaliyobaki: Machi wakazuia watazamaji kutoka nje, Julai wakazuia hata Wajapani kuingia viwanja vya Tokyo. Julai 23 alisimama kuhutubia kwenye uwanja wenye viti vitupu. Nilimtazama nikiwa Kitale, kwenye televisheni ya duka la dawa za mifugo, na wateja wakaniuliza huyu mama mfupi ni nani hadi nimenyamaza hivyo.

Si malaika. Picha za mwaka 2014 zilizomwonyesha akimbusu mchezaji wa barafu katika sherehe, wakati yeye ndiye rais wa shirikisho lao, zilirudi siku ileile alipotajwa kwa cheo, naye akasema anajuta. Ningekuwa mwanaume naandika haya labda ningezipita. Sizipiti, kwa sababu mwenye cheo ni mwenye cheo.

Sasa simu yangu. Ilikuja Novemba 2021, miezi michache tu baada ya viti vile vitupu. Mtu wa chama, nisiyemtaja wala chama chake, alinialika chai mjini. Alinisifu nusu saa. Wadi inahitaji damu mpya. Wadi inahitaji msomi. Na "jina lako, daktari, watu wanalikumbuka kwa mbio." Uchaguzi ni Agosti 2022, mchujo wa chama ungefanyika Aprili. Nigombee uwakilishi wadi.

Nilikuwa nimeshaisoma hadithi yote ya Hashimoto. Nilikuwa na ujumbe wa ojiisan kwenye simu. Na bado nilikubali kabla chai haijapoa. Sijui kama kuna dawa ya sifa, mimi sijaipata.

Miezi mitano nilizunguka. Mabango yalinionyesha nikiwa na miaka 17, namba kifuani, mdomo wazi, nakata utepe. Nilitaka picha yenye koti la kazi na buti za mpira, wakaniambia haiuzi. Nilitaka kuzungumzia majosho yaliyokauka na bei ya kumpandisha ng'ombe kwa mrija, ambayo mfugaji wa mtamba mmoja haiwezi. Wakaniambia nifupishe, kisha nikimbie na vijana mita mia kutoka kanisani hadi barabarani. Nilikimbia. Goti likavimba. Watu walipiga makofi, kisha wazee watatu wakanivuta kando: "Daktari, tuachie basi ya soda." Ya soda niliitoa kwenye akiba ya kununulia pikipiki mpya ya kazi.

Kuna jambo moja la mchezo ule wa barafu ambalo nililifikiria sana siku hizo. Watelezaji wawili huanza pamoja, mmoja njia ya ndani, mwingine ya nje, na kila mzunguko hubadilishana ili umbali wao uwe sawa. Wakikutana kwenye makutano, anayetoka ndani ndiye anayempisha mwenzake. Imeandikwa. Asipompisha, anaondolewa. Mkimbiaji yeyote huzoea kitu cha namna hiyo: mstari umechorwa, saa inaonekana, mwamuzi ana bendera. Nadhani hili ndilo linalotuponza tukiingia siasa. Tunaamini mahali fulani pana mwamuzi.

Wiki mbili kabla ya mchujo nikaitwa ofisini. Wadi yetu, nikaambiwa, haitakuwa na mchujo. Tiketi amepewa mwingine moja kwa moja, kwa ajili ya umoja. Nisivunjike moyo. Katiba inasema jinsia moja isizidi theluthi mbili, na baraza la kaunti hujaziwa viti maalum kutoka orodha za vyama. Jina langu lingekuwa la pili. "Tunakuhitaji mama kama wewe, tena mwanariadha." Nikauliza ni nani ameamua. Mtu yule akatabasamu, akagonga meza kwa kalamu. Nakuapia, ilikuwa sauti ya barafu ile. Mtungi mtupu.

Nikatia sahihi. Hilo pia niliseme. Orodha ilipotoka gazetini nilikuwa wa tisa.

Nilikasirika mwaka mzima, na kwa muda mrefu nilimlaumu yule wa chai. Baadaye, nikiwa kazini kwangu, nikaanza kulaumu vizuri zaidi. Chini palikuwa wazi kwa sababu mimi mwenyewe nilifungulia mpira wote. Sikuwa nimewahi kuhudhuria mkutano mmoja wa bajeti ya kaunti, ingawa wananchi huitwa. Sikujua mwenyekiti wa tawi letu anaishi wapi. Chama cha ushirika wa maziwa kilikuwa kimenialika kwenye kamati mara mbili nikasema sina nafasi. Nilitaka miezi mitano ifanye kazi ya majira mengi ya baridi, na mbio za wilaya za miaka 15 nyuma ziwe msingi. Ulaghai wao ulikuwa wa kweli, lakini ulikuta pa kuingilia.

Na hapa ndipo Hashimoto ananichanganya, kwa sababu yeye pia aliitwa kwa jina la michezo, lakini akakaa. Miaka 30 ni tabaka nyingi, na si zote safi. Aprili 2024 chama chake kilimzuia kushika nyadhifa za chama kwa mwaka mmoja, yeye na wenzake wengi wa kundi moja, kwa pesa za michango ambazo hazikuandikwa vitabuni. Kwake zilizidi yeni milioni 20. Niliposoma hivyo nilihuzunika kama mtu aliyesikia habari mbaya za shangazi. Kisha Juni 2025, muda wa adhabu ukiwa umekwisha, akachaguliwa rais wa Kamati ya Olimpiki ya Japani, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho. Nikashindwa nishangilie au ninune. Binti wa ojiisan aliniandikia kuwa baba yake, sasa haoni vizuri, aliambiwa habari zote mbili akajibu kwa neno moja la Kihokkaido ambalo alikataa kunitafsiria.

Nilijiunga na ile kamati ya ushirika mwaka 2023. Tunakutana Jumatano ya pili ya kila mwezi, kwenye chumba chenye harufu ya maziwa yaliyochacha, na vikao vyetu hurefuka kweli, Mori angekuwa na hoja, ila warefushaji wakuu ni wazee wawili wa kiume ambao huanza kila mchango kwa kutukumbusha bei ya maziwa enzi za KCC ya zamani, ushirika mkuu wa maziwa wa nchi. Tumefufua josho moja. Nimehudhuria mikutano mitatu ya bajeti. Katika wa kwanza sikuelewa kitu, katika wa tatu nilipata ukurasa ambao pesa za chanjo zilikuwa zimehamishiwa kwenye semina. Nilisimama nikausoma kwa sauti. Hakuna aliyenipigia makofi, lakini mtu wa fedha aliandika jina langu, na safari hii hakuuliza habari za mbio.

Juzi simu imelia tena. Namba mpya, sauti ileile ya chai. 2027 iko karibu, daktari, tunatafuta akina mama wenye majina. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye zizi, mkono wa kulia ndani ya ng'ombe hadi begani, natafuta mguu wa pili wa ndama aliyekaa vibaya, na mwenye ng'ombe ameniwekea simu sikioni. Nikamwuliza mpigaji safari hii ni nani aliyevunja nini. Akacheka, akasema mimi napenda mizaha. Nikamwambia anipigie ndama akishatoka.

Ndama alitoka saa nane usiku, mtamba, akasimama mwenyewe. Simu haijalia.